UZI: Papa wa dhiraa moja anayewasha tumbo lake ili asionekane

Kilindi_Kirefu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila uzi wa papa humu unaishia kwenye mdomo mpana na meno. Leo tushuke chini kidogo, tukamtazame papa ambaye ukimlaza juu ya mkono wako anaanzia kwenye kiwiko na kuishia kwenye ncha za vidole. Dhiraa moja, basi. Akifika sentimita 60, huyo kwao ni pandikizi la papa.

Kitaalamu anaitwa Etmopterus spinax. Linnaeus, yule mwanasayansi wa Uswidi aliyevipa viumbe majina ya kitaalamu, alimwandika mwaka 1758, na hilo "spinax" linagusia miiba, kwa sababu mbele ya kila pezi la mgongoni ana mwiba mmoja mkali. Yumo katika ukoo ule ambao watu wa Ulaya huwaita samaki-mbwa. Jina lake la mtaani huko kwao maana yake ni "tumbo la mahameli". Mimi kwenye uzi huu nitamwita papa-taa, mtanielewa mbele ya safari.

Makazi yake ni Atlantiki ya mashariki, kuanzia Iceland na Norwei kushuka hadi Gabon, pamoja na Mediterania. Hapendi juu. Kwa kawaida yuko kati ya mita 200 na 500, yaani pima mia moja na kitu kwenda chini, na ameshapatikana hata kupita mita 2,000.

Sasa tatizo lake. Maji ya mita 300 wakati wa mchana si giza totoro. Kuna mwanga hafifu wa buluu unaochuja kutoka juu, maana buluu ndiyo rangi inayosafiri mbali zaidi baharini. Kiumbe akipita, aliye chini yake anaona umbo jeusi, kama kifaranga anavyoona mwewe juu ya uwanja. Na huko katikati ya maji hakuna jiwe, hakuna mwani, hakuna kichaka. Pa kujibanza hapapo.

Papa-taa anachofanya ni kuziba kivuli chake kwa kuwasha tumbo. Upande wote wa chini umejaa maelfu ya vitaa, kila kimoja ni sehemu ndogo tu ya milimita, na vyote vinatoa mwanga wa buluu unaofanana na ule unaotoka juu. Anayetazama kutoka chini anaona buluu tu, na papa amekwisha pita.

Naendelea bandiko linalofuata, nipeni dakika.

Nanga Kavu

Nimekaa mkao wa kula.

Mzee wa Vielelezo

Mkuu, hapa unatufunga kamba. Samaki awashe taa ili ASIONEKANE? Mwizi gani anaingia nyumba ya watu na tochi inawaka?

Kilindi_Kirefu

Kamba ndio anaowala yeye, Mzee wangu, mimi siwafungi 😄 (Kweli kabisa. Anakula kamba wadogo, vijisamaki na ngisi.)

Mwizi wako yuko gizani, ndiyo maana tochi inamuumbua. Huyu papa yuko mbele ya mwanga. Chukua mfano: uko chumbani mchana, taa imezimwa, mtu anakuja kusimama dirishani. Wewe unamwona mweusi tii, hata sura humtambui. Sasa mfungie kifuani karatasi inayotoa mwanga sawasawa na ule wa dirishani. Umbo linayeyuka. Mwanga ukizidi kidogo, anang'aa. Ukipungua kidogo, anarudi kuwa kivuli. Kazi yote iko kwenye huo usawa.

Na hapa ndipo huyu mdogo alinivutia mimi binafsi. Ungedhani anaongeza na kupunguza taa kila jua linapopanda au kushuka. Sivyo. Taa yake ni ya mwendo wa taratibu, ikiwaka inawaka kwa muda mrefu kwa kiwango kile kile. Kinachobadilika ni yeye mwenyewe: anapanda na kushuka ndani ya maji akifuata kina ambacho mwanga wa juu unalingana na wa tumboni mwake. Mwanga wa juu ukififia, anasogea juu. Ukikolea, anazama. Kwa lugha nyingine, hairekebishi taa ifanane na mahali, anatafuta mahali panapofanana na taa.

Mzee wa Vielelezo

Hapo umenigusa kidogo. Bado sijafuta neno kamba.

Daktari wa Mchangani

Swali, kiongozi. Anaiwashaje? Ni bakteria kama wale samaki wenye fimbo ya taa kichwani?

Kilindi_Kirefu

Hapana, hafugi bakteria. Nuru inatengenezwa na seli zake mwenyewe.

Ukikikata kitaa kimoja ukakitazama kwa hadubini unakuta kikombe cheusi cha seli zenye rangi. Ndani ya kikombe zimekaa seli zinazotoa nuru. Mdomoni mwa kikombe kuna lenzi. Na kati ya lenzi na zile seli kuna kitu kama pazia: seli za rangi zinazojitanua na kujikunja. Zikijitanua, nuru imefunikwa. Zikijikunja, nuru inatoka. Hebu fikiria maelfu ya vitu hivyo kwenye tumbo la mnyama mwenye urefu wa dhiraa.

Sasa nani anavuta pazia? Samaki wengi wenye taa wanatumia neva, kama swichi ya ukutani, paa na inawaka. Mwaka 2009 Julien Claes na Jérôme Mallefet wa chuo kikuu cha Louvain, Ubelgiji, walichapisha majibu ya kushangaza. Walikuwa wanawapata hawa papa kwenye fiodi (mkono mwembamba wa bahari unaoingia kati ya milima) karibu na Bergen, Norwei, wanachukua vipande vya ngozi na kuvijaribu kwa kemikali moja baada ya nyingine. Kemikali za neva hazikuwasha kitu. Zilizowasha ni homoni. Melatonini iliwasha polepole na mwanga ukadumu kwa saa kadhaa. Prolaktini iliwasha haraka zaidi lakini mwanga haukukaa sana. Na kuna homoni ya tatu, ile inayotawala rangi ya ngozi, hiyo ndiyo inayozima.

Daktari wa Mchangani

Subiri kwanza. Melatonini hii hii ambayo mwili wa binadamu unaitoa giza likiingia? Na prolaktini hii hii ya maziwa ya mama?

Kilindi_Kirefu

Hizo hizo, mkuu. Maumbile hayatupi kitu. Na ukitafakari ile homoni ya kuzima unaona mantiki: kwa papa wengine inafanya ngozi iwe nyeusi zaidi, yaani inatanua seli za rangi. Kwa papa-taa zile seli za rangi ndizo pazia. Kwa hiyo mfumo wa zamani wa kubadili weusi wa ngozi umegeuzwa kuwa mfumo wa kufungua na kufunga taa.

Bi Hiliki

Haya, na watoto je? Maana huyo mama anajificha, kichanga kinatoka kimeduwaa, kinaliwa.

Kilindi_Kirefu

Swali zuri sana, bibie. Mayai yanaanguliwa ndani ya mama, wanazaliwa wakiwa kamili, kati ya 6 na 20 hivi kwa uzao mmoja, kila mmoja sentimita 12 hadi 14. Na taa za tumboni zinakuwa tayari kabla hawajatoka. Wanazaliwa na uwezo wa kuwaka. Mama yao hawalei, kila mtu na lake kuanzia dakika ya kwanza, kwa hiyo lazima wazaliwe na silaha mkononi.

Bi Hiliki

Masikini. Basi afadhali.

Mzee wa Vielelezo

Nimerudi. Nimepekua. Mtoa mada umesema huyu mnyama nia yake ni kujificha, sivyo? Sasa mbona nimekuta kuna utafiti wa 2013 unasema miiba yake ya mgongoni INANG'AA, inaonekana kutoka mbali mita kadhaa? Mtu anajificha tumboni anajitangaza mgongoni? Naomba jibu, si porojo.

Kilindi_Kirefu

😄😄 Mzee, nilijua utafika hapo. Hili ndilo nililokuwa nalihifadhi, umenipora.

Ni kweli. Watafiti wale wale wa Louvain na wenzao. Nyuma ya kila mwiba kuna safu mbili za vitaa, na mwiba wenyewe unapitisha nuru kama kioo chenye ukungu. Mwanga unaumulika mwiba kutoka nyuma yake. Maelezo wanayoyatoa ni kwamba ni onyo: nina mwiba, ukinimeza utajuta.

Sasa ugomvi wako unaisha ukijiuliza nani anatazama kutoka wapi. Tumbo ni kwa ajili ya aliye chini. Kwake papa hayupo. Miiba iko juu, mwanga wake haushuki chini, ni kwa ajili ya aliye ubavuni au juu ambaye tayari yuko karibu. Huyo kujificha kwake hakusaidii tena, basi anaonyeshwa kisu. Mwili mmoja, taa za aina moja, ujumbe mbili tofauti kwa watu wawili tofauti.

Na kuna ujumbe wa tatu. Ubavuni, juu ya mapezi ya tumbo na kuelekea mkiani, kuna alama za vitaa ambazo kila spishi ya jenasi yake, yaani kundi la Etmopterus, ina mchoro wake. Wengi wanaona hizo ni za kutambuana: huyu ni wa kwetu, yule siye. Sehemu za uzazi nazo zina vitaa. Gizani mnatafutanaje msipokuwa na alama? Na spishi za jenasi hii ni dazeni kadhaa, baadhi zinaishi bahari moja, kina kile kile.

Nanga Kavu

Kwa hiyo ubavuni ana kitambulisho, mgongoni kisu, tumboni pazia. Huyu si samaki, huyu ni mpelelezi.

Baharia Mstaafu

Nimesoma kimya kimya toka mwanzo, sasa niingie. Mimi huyu mnyama nimemshika. Si kwenye picha, mkononi.

Miaka ya nyuma nilikuwa kwenye meli ya kukokota kamba wa kilindini huko Skagerrak, kati ya Norwei na Denmaki. Kamba wale wanakaa kina kile kile anachokaa huyu, kwa hiyo hakuna siku wavu uliinuka bila yeye. Wavu una chujio la vyuma linalotoa samaki wakubwa, lakini huyu ni mwembamba, anapenya na kamba.

Kwanza niongeze kidogo, msije mkadhani ni mweusi mwili mzima. Mgongo ni kahawia. Weusi unaanza ubavuni ghafla, kama mtu aliyechovywa nusu kwenye wino. Jicho ni kubwa kuliko kichwa kinavyostahili, na likipigwa na taa linarudisha kijani. Nyuma ya jicho kuna tundu, mwanzoni nilidhani ni jeraha, kumbe ni njia ya kupitishia maji ya kupumulia. Pezi la chini karibu na mkia hana kabisa. Ukimpapasa kutoka kichwani kwenda mkiani mkono unateleza, ukiurudisha unakwaruzwa.

Meno ndiyo yaliyonifanya nikae naye chini ya taa siku moja baada ya zamu. Ya juu ni ncha nyembamba nyembamba, jino moja lina ncha kubwa katikati na vidogo pembeni. Ya chini hayafanani nayo hata kidogo: yamelala upande, yameshikana moja na jingine, kama msumeno. Juu anakamata, chini anakata. Mdomo wenyewe hauwezi kuingiza kidole gumba.

Miiba: wa kwanza mfupi, wa pili mrefu na umepinda. Huu wa pili ndio uliokuwa unatuchoma wakati wa kuchambua kamba. Unaingia kwenye glavu ya mpira bila kuuliza. Mtoa mada anasema una taa ya kutoa onyo. Kwenye sitaha, chini ya mataa yale makubwa, onyo hilo hatukuliona hata siku moja 😂

Kilindi_Kirefu

Karibu sana mzee wetu! Huu ndio uzuri wa uzi. Asante kwa nyongeza ya rangi.

Uliwahi kukuta wenye kitu kimeota karibu na mwiba, kama kifuko cheusi chenye shingo?

Baharia Mstaafu

Mara chache. Wanakuwa wawili wawili au watatu. Tulidhani ni uvimbe.

Kilindi_Kirefu

Huyo ni kimelea, Anelasma squalicola. Jamaa yake ni vile vijidudu vya ganda vinavyogandia mawe na matumbo ya meli, ambavyo kwa kawaida hula kwa kuchuja maji. Huyu aliacha kazi ya ukoo. Anatoa mizizi, mizizi kweli kama ya mti, inaingia kwenye nyama ya papa na kunyonya humo. Papa aliyeshikwa naye uzazi wake unadorora. Charles Darwin, ambaye alitumia miaka akichambua wadudu hao wa maganda, alishaandika habari zake karne ya 19.

Daktari wa Mchangani

Ini lake je? Nasikia papa wa kilindini ni ini tupu.

Kilindi_Kirefu

Papa hana kifuko cha hewa cha kumwelea, kwa hiyo mafuta ya ini ndiyo yanayompunguzia uzito majini. Wa kilindini ndio zaidi, ini linachukua sehemu kubwa ya mwili, na mafuta hayo yamejaa kitu cha mafutamafuta kiitwacho skwaleni. Jina lenyewe la skwaleni limetoka kwa papa wa ukoo huu, Squalus. Mkemia wa Japani Mitsumaru Tsujimoto ndiye aliyeitambua mwanzoni mwa karne ya 20. Inaingia kwenye vipodozi na kwenye baadhi ya chanjo, ingawa siku hizi inapatikana pia kwenye zeituni na miwa.

Papa-taa ni mdogo mno kuwindwa kwa ajili hiyo. Yeye anakufa kwa kupita njia, kama alivyoeleza mzee hapo juu: anavuliwa asiyetakiwa, anatupwa. Ndugu zake wakubwa wa kilindini ndio waliowindwa kwa ini hasa, na wanazaa kwa uchache, hivyo wakipungua hawarudi upesi. Utafiti mkubwa wa 2024 ulikuta katika kila spishi saba za papa na taa wa kilindini (taa hapa ni yule samaki bapa, msichanganye) moja iko hatarini kutoweka. Umoja wa Ulaya ulishapiga marufuku kukokota nyavu kwenye kina kinachozidi mita 800 katika maji yake ya Atlantiki tangu 2016. Lakini papa-taa anaishi hasa juu ya mstari huo, kwa hiyo kwake ile sheria haisaidii sana.

Nanga Kavu

Ndugu zake wengine ni akina nani? Lete kifupi.

Kilindi_Kirefu

Yuko Etmopterus perryi wa Karibi, upande wa Kolombia na Venezuela, alielezwa 1985. Huyo ni shibiri moja, sentimita ishirini na kitu, mzima na amekomaa. Yuko E. benchleyi wa Pasifiki ya Amerika ya Kati, alielezwa 2015, mweusi karibu mwili mzima, wakamwita papa-ninja; jina hilo lilipendekezwa na watoto, binamu za mmoja wa watafiti. Na jamaa wa mbali kidogo, Isistius brasiliensis, ambaye anang'oa nyama ya nyangumi na jodari vipande vya duara kama umekata chapati kwa kikombe. Huyo aliwahi kung'ata hata mipira ya vifaa vya nyambizi za Marekani. Anastahili uzi wake, sitaki kumgusa leo.

Mkubwa wa wote wenye nuru ni Dalatias licha, anafika karibu pima nzima. Kung'aa kwake kulithibitishwa New Zealand, ripoti ikatoka 2021. Hakuna mnyama mwingine mwenye uti wa mgongo, mkubwa kama yeye, anayejulikana kutoa nuru.

Mzee wa Vielelezo

Yote nimesikia. Swali langu moja la mwisho, na si kwa mtoa mada, ni kwa Baharia. Umewashika mamia. Je, ulishawahi kumwona akiwaka? Kwa macho yako?

Baharia Mstaafu

Mara moja tu.

Miezi nilikaa nao sikujua kabisa kwamba wanawaka. Sitaha ya meli ya uvuvi usiku ni mchana, mataa kila kona. Kijana mmoja wa wanafunzi waliopanda kuchukua vipimo ndiye aliyeniambia. Nikamjibu kama wewe, Mzee.

Wavu ulipoinuka akachagua mmoja aliyekuwa bado anachezesha mkia, akamtia kwenye ndoo ya maji baridi, tukashuka naye kwenye chumba cha kamba za meli. Akafunga mlango, akaziba mwanya wa chini kwa koti lake. Giza la kutoona mkono. Akaniambia usiseme kitu, ngoja. Dakika za kwanza sikuona lolote, nikaanza kucheka. Meli inayumba, maji yanapigapiga ndani ya ndoo, ndiyo sauti pekee.

Halafu nikahisi kama macho yananidanganya. Si mwanga wa kuita mwanga. Ilikuwa kama ukungu wa buluu chini ya maji, ukiutazama moja kwa moja unapotea, ukitazama pembeni kidogo unarudi. Akaingiza mkono, akamgeuza taratibu. Hapo nikaona tumbo lote, kuanzia chini ya mdomo hadi mkiani, na kingo zake zimechorwa vizuri kabisa, kwa buluu. Kisha akamrudisha alivyokuwa, mgongo juu, na ndoo ikawa giza tena. Papa yumo ndani, nimeshika ukingo wa ndoo, simwoni.

Nilipofungua mlango taa ya ujia ikaingia. Alikuwa samaki mdogo wa kahawia na tumbo jeusi, kama wale wote niliokuwa nawatupa kwa koleo.

Mzee wa Vielelezo

Nimefuta neno kamba. Mtoa mada, lete ule uzi wa mkata chapati.